Gogo la Motaku

Fidencio Matareco alikuwa na vidole tisa na nusu. Ile nusu iliyopungua aliipoteza uzeeni, jikoni kwake, wiki tatu baada ya kumzika mkewe Petrona. Aliyeikata alikuwa ndege wa Petrona mwenyewe.

Ndege huyo aliitwa Tomasa. Alikuwa paraba, wale kasuku wakubwa wa nyanda za Moxos, mgongo bluu, kifua njano, mkia mrefu kama mkono wa mtu kutoka kiwiko. Mdomo wa paraba unapasua kokwa ambayo mtu huipasua kwa nyundo. Kidole cha mzee wa miaka sabini na mitatu kwake ni ndizi mbivu tu.

Majirani walipoona kitambaa chenye damu wakamwuliza amefanya nini. Akasema panga limeteleza. Hakutaka Tomasa asemwe vibaya. Nyumba nzima alikuwa amebaki huyo tu.

Tomasa aliingia nyumba ile kwa damu, na damu hiyo aliimwaga Fidencio.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alitaka kucheza panga kwenye sikukuu ya Mtakatifu Ignasi, mwezi wa Julai. Mcheza panga huvaa kanzu nyeupe, njuga za mbegu miguuni, mkononi panga la mti mgumu, na kichwani taji la manyoya ya mkia wa paraba yaliyopangwa kama jua linalochomoza. Taji moja linakula manyoya thelathini na zaidi. Paraba mmoja hutoa manne, pengine matano, yaliyonyooka. Siku hizo hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Kijana alichukua fito ndefu akaingia porini.

Fidencio aliwaua saba. Alijua pa kupiga: chini kidogo ya taya, mara moja, ndege akiwa bado anashangaa. Wa nane na wa tisa walikuwa mama na baba wa Tomasa.

Walikuwa wamezaa ndani ya motaku uliokufa. Motaku ni jamaa ya mchikichi. Ukifa, moyo wake unaoza na shina linabaki bomba, na paraba hawana nyumba wanayoipenda kama hiyo. Fidencio aliliangusha gogo kwa shoka. Likapasuka. Ndani mlikuwa na makinda matatu, mawili yamesagika. Mama yao alishuka moja kwa moja juu ya kichwa cha Fidencio, akang'oa ncha ya sikio la kushoto. Fidencio akamvunja bawa. Ndege akaanguka, akajikokota kwa tumbo mpaka kwa kinda aliyebaki, akamfunika kwa lile bawa zima. Fidencio akampiga pale pale. Akampiga mpaka fito ikakatika, kwa sababu sikio lilimwuma, na kwa sababu ndege hakutaka kutoka. Dume alikuwa akizunguka juu akilia. Hakukimbia. Alipotua karibu na jike wake, Fidencio akammaliza kwa kipande cha fito.

Akang'oa manyoya tisa mazuri. Kinda akamtia kwenye kofia, akampelekea mkewe kama mzaha.

Petrona alikuwa anamenya mihogo. Alitazama mikono ya mumewe, akatazama sikio, akauliza. Fidencio akamweleza yote, huku anacheka. Petrona hakucheka. Alimchukua kinda, uchi, macho bado yamefumba, akatafuna mahindi na maji mpaka yakawa uji, akaweka midomo yake juu ya mdomo wa kinda akamlisha. Alipomaliza akajifuta, ndipo akasema.

"Hayo manyoya vaa, umeshayang'oa. Ukiua mwingine, hilo taji utalivaa ukilala kwa mama yako."

Akavaa. Alicheza Julai ile na nyingine nyingi zilizofuata, hata magoti yalipokuwa yanalia kuliko njuga. Lakini hakuua paraba tena. Miaka hamsini na mmoja.

Petrona alikufa Machi, mafuriko yamejaa mpaka mlangoni. Walimpeleka makaburini kwa mtumbwi. Siku mbili kabla ya kufa, sauti imebaki ya kunong'ona, alimshika mumewe mkono. Hakusema habari za watoto, maana watoto walikuwa mijini, Trinidad na Santa Cruz, na wana watoto wao. Alisema:

"Tomasa asife kama mama yake."

"Hafi hivyo."

"Sema vizuri."

"Hatakufa kwa kipigo," Fidencio akasema. "Si mkononi mwangu, si mkononi mwa mtu."

Petrona akafumba macho kama mtu aliyelipwa.

Tomasa hakukubali kifo kile. Kila alfajiri, saa ambayo Petrona alikuwa akimlisha, alichukua sahani yake ya bati kwa mdomo akaipiga sakafuni. Aliipiga mpaka jua likafika utosini. Chakula cha mkono wa Fidencio hakukitaka. Alijinyonyoa kifua mpaka kikawa kama cha kuku aliyetolewa kwenye maji ya moto. Siku Fidencio alipomletea masako, ndizi za kuponda na nyama kavu, kama Petrona alivyokuwa akimpikia, ndiyo siku alipochukua kidole. Fidencio alifunga kitambaa, akala yale masako mwenyewe kwa mkono mwingine.

Akavumilia Aprili. Mei, asubuhi moja, sahani ilikuwa inalia na kichwa kilikuwa kinamwuma, na mara akajikuta amesimama katikati ya jiko, mpini wa ufagio umeinuliwa begani, kiganja kimegeuka vilevile kama zamani. Macho yake yalikuwa chini kidogo ya taya. Tomasa alikuwa anamtazama. Hakukimbia, kama mama yake.

Fidencio akaweka mpini chini. Akakaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akamtia Tomasa kwenye kikapu, akamfunika kwa shuka ya Petrona, akampeleka kimbilioni. Aliogopa mkono wake.

Kimbilio la ndege lilikuwa nje kidogo ya mji, na Fidencio alikuwa akifanya kazi huko kwa miaka kumi na mmoja, kulisha na kufagia. Kwa hiyo alijua. Hakuna aliyejua kuliko yeye.

Mwenye mahali pale alikuwa Ercilia Roca, doña Ercilia kwa heshima, mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya darasani. Alianza na paraba wanne walionyang'anywa walanguzi. Watu wakasikia. Akaletewa kasuku wa bibi aliyekufa, kasuku aliyetukana padre, kasuku aliyemng'ata mtoto. Wote aliwapokea. Ukimwambia pamejaa alijibu kwa swali: nikimkataa huyu, aende wapi, sufuriani? Ndege wakaongezeka. Vibanda havikuongezeka.

Kile kikubwa kilijengwa kwa ndege ishirini. Mwaka ule walikuwamo sitini na watatu. Wenye nguvu walikaa kwenye vijiti vya juu, penye upepo na bakuli. Wanyonge walikaa chini, wakinyewa vichwani, wakigombea maganda. Kelele yake ilikuwa kama mabati yanayoburutwa barabarani, tangu jua kutoka hadi kuzama. Wengine walisimama mahali pamoja wakitikisa kichwa kulia kushoto, kulia kushoto, siku nzima. Wengine walijila. Fidencio alikuwa amemwona mmoja akichimba kifua chake mwenyewe mpaka mfupa ukatokeza. Asubuhi alipita na toroli: maganda, mavi, na mara mbili kwa wiki, mara tatu, maiti. Macho kwanza, ndivyo ndege walivyoanza kumwua mwenzao. Kisha vidole vya miguu. Alizika nyuma ya ghala, na ardhi ile ilikuwa imevimba kama unga wa mkate.

Doña Ercilia hakuwa mtu mbaya. Alilia kwa kila mmoja. Kisha alifungua lango.

Alipoona kikapu na shuka aliuliza:

"Na wewe, don Fidencio?"

"Na mimi."

Moyoni Fidencio alitaka aambiwe hapana. Aambiwe, wewe unajua palivyo humu, rudi na ndege wako. Lakini doña Ercilia alisema kwamba miaka kumi na tisa hajamgeuza ndege langoni, na hataanza na wa marehemu Petrona. Akatoa kitabu. Fidencio hakujua kusoma. Akabonyeza dole gumba lenye wino pale alipoonyeshwa.

Na Tomasa akatiwa kwenye kibanda kikubwa siku hiyohiyo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi yao: paraba peke yake hufa kwa huzuni, basi mgeni hakai peke yake hata saa moja. Walidhani wanamfanyia wema. Tomasa, ambaye miaka hamsini na mmoja hakuwahi kukaa na paraba mwenzake, alisimama mlangoni na kifua chake cha uchi, akawatazama wale sitini na watatu, akaenda pembeni, chini kabisa, akakaa na uso ukutani.

Kila asubuhi Fidencio alimkuta hapo. Juni upepo wa baridi wa kusini ukaja, na Tomasa akatetemeka bila manyoya. Ndipo Fidencio alipopata fikra yake. Alikuwa amevunja nyumba ya ndege huyu hata kabla hajafumbua macho. Basi atamrudishia nyumba.

Kulikuwa na motaku uliokufa kwenye malisho ya ng'ombe, bomba safi, tundu limeshatoboka juu. Aliazima maksai na mkokoteni wa kompadre wake Eulogio Guaji, aliyemsimamia mtoto wake wa kwanza ubatizoni, mzee mcheza panga kama yeye, mdomo haufungwi.

"Zamani uliwakatia nyumba, leo unawajengea," Eulogio alisema, wakilifunga gogo kwa kamba. "Kesho utawaombea posa."

"Vuta kamba."

"Navuta. Lakini gogo ni moja, kompadre. Wao ni wangapi?"

Fidencio alikaza fundo. Alikuwa anamfikiria mmoja tu.

Wakalisimamisha katikati ya kibanda. Doña Ercilia alifurahi mpaka akatoa leso. Kwa nini hatukufikiria hili zamani, aliuliza. Ndege waliliogopa gogo siku tatu, wakabanana upande mmoja. Siku ya nne wa kwanza akatua juu yake.

Julai wacheza panga walikuja kuchukua manyoya. Hiyo pia ilikuwa desturi: tangu kuua paraba kulipokatazwa, wengi walivaa mataji ya majani ya mchikichi yaliyopakwa rangi, na wachache waliomba kimbilioni manyoya yaliyodondoka. Fidencio aliyaweka kwenye gunia. Mwaka ule yalikuwa magunia mawili. Wazee wakashangilia, wakasema Mtakatifu amependezwa. Fidencio aliyatazama mashina. Unyoya uliodondoka wenyewe, shina lake ni kavu na jeupe kama ukucha. Haya yalikuwa na damu.

Alimwonyesha Eulogio. Eulogio akaulamba unyoya, akaupangusa kwenye suruali.

"Umeng'olewa," akasema.

"Yote. Magunia yote mawili."

"Basi usiwaambie wengine. Waache wacheze."

Walicheza. Fidencio, kwa kuwa alikuwa kwenye matanga, alisimama pembeni ya kanisa bila taji, akaangalia jua lile la manyoya likipanda na kushuka, na kila shina alijua lilivyotoka. Panga lake la mti hakulitundika tena ukutani. Alilipeleka kazini. Akawa analitumia kusukuma ndege pembeni anapoingia, maana sasa hata kuingia kulikuwa vita. Eulogio alimwambia hilo ni panga la Mtakatifu, si fimbo ya kuswagia. Fidencio akasema Mtakatifu aje ashike toroli.

Agosti paraba huanza kutafuta mahali pa kuzaa, na hapo ndipo gogo lilipotoa matunda yake. Kila jozi ililitaka. Gogo ni moja. Walipigana juu yake tangu alfajiri, wakashikana midomo, wakaanguka pamoja chini kama mawe, wakaendelea kupigana chini. Jozi moja ilikaa ndani siku nne, ikatolewa. Jike alitoka bila mdomo wa juu. Mdomo wa paraba ukikatika hali kitu. Fidencio alimlisha uji kwa kijiko siku tisa, akafa. Wengine wakachukua. Damu ilikauka kwenye lile gogo ikawa kama rangi. Toroli lilibeba wanne kwa wiki, watano.

Jozi iliyoshinda ilikuwa ya koo bluu. Hao ni paraba wadogo kidogo kuliko wenzao, wana kijibandiko cha bluu kooni kama tai ya mvaa suti, na duniani wamebaki wachache, wote Moxos. Dume lilikuwa na jicho moja tu, lingine lilikwisha vitani. Lilisimama juu ya tundu kutwa nzima, na kitu chochote kilichogusa gogo kiliondoka na alama.

Mwisho wa Septemba Fidencio alimwendea doña Ercilia akasema gogo litoke. Kosa lilikuwa lake, yeye ndiye aliyelileta, na yeye ataliondoa.

Doña Ercilia alikuwa amepanda ngazi jana yake, amevaa sufuria kichwani, akachungulia tundu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona malaika.

"Kuna yai, don Fidencio. Yai la koo bluu. Humu mwangu."

"Wanakufa kwa ajili yake."

"Najua. Ni wiki nne tu. Wiki nne, kisha tunaliondoa."

Akaomba basi Tomasa ahamishwe. Vibanda vyote vilijaa. Hata kile cha wagonjwa kilikuwa na kumi na wanne. Akaomba basi amchukue nyumbani. Doña Ercilia akafungua kitabu akamwonyesha dole gumba lake mwenyewe, lile la wino. Ndege akishaandikwa mle ni wa serikali. Kumrudisha kwa mtu ni kosa, wanaweza kufunga mahali pote. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayemsomea mtoto alama mbaya.

Fidencio akarudi kibandani, akaketi karibu na Tomasa, akaweka kiganja mbele yake. Tomasa hakung'ata. Alichukua kokwa, akaila. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi kukubali chakula cha mkono wake. Baada ya hapo alikula kila siku, lakini kwa kiganja cha Fidencio tu, na ilibidi mzee akae pale mpaka amalize, panga magotini, akiwazuia wengine.

Oktoba watu walichoma mbuga, kama kila mwaka. Moshi ukatanda siku kumi, jua likawa jekundu saa sita mchana, na ndege wakawa kama wamelewa. Asubuhi moja Fidencio alikuwa ghalani akipima mahindi. Kelele ya kibanda kikubwa ikakatika ghafla. Aliacha gunia wazi akakimbia jinsi magoti yalivyomruhusu.

Tomasa alikuwa ametoka pembeni mwake. Miezi mitano hakutoka, siku ile alitoka. Pengine moshi. Pengine paraba aliyezaliwa ndani ya motaku hasahau motaku. Alikuwa amepanda gogo kwa mdomo na makucha, polepole, kizee, mpaka kwenye tundu.

Sasa alikuwa chini, chali. Dume la koo bluu lilikuwa juu yake, limempinda kichwa, mdomo wake umeng'ang'ania ndani ya mdomo wa Tomasa. Jicho la kushoto la Tomasa halikuwapo. Alikuwa anajikinga kwa miguu na mguu mmoja ulikuwa umebakiwa na vidole viwili. Wengine walikuwa wamezunguka duara, kimya, na walio karibu walikuwa wanamng'oa mkia, unyoya mmoja mmoja, bila haraka, kama watu wanaochambua mboga.

Fidencio aliingia akiwafagia kwa bapa la panga. Wakaruka. Dume halikuruka. Alilisukuma, likang'ang'ania. Alilisukuma kwa mguu, likang'ata zaidi, na Tomasa akatoa sauti ambayo Fidencio hakuwahi kumsikia akiitoa. Dume halikutaka kutoka.

Mkono wa Fidencio ukageuka wenyewe. Chini kidogo ya taya. Mara moja.

Miaka hamsini na mmoja, na mkono haukuwa umesahau hata kidogo. Koo bluu lilianguka pembeni kama nguo. Na hapo jike akatoka ndani ya gogo, akamwingia mzee usoni, akapasua shavu mpaka Fidencio akaonja damu. Fidencio akapiga hewani kwa nguvu zote. Bawa likavunjika, alilisikia. Jike akaanguka.

Fidencio akainua panga tena. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa tamu. Mtu aliyewahi kuua anaijua. Jike hakumtazama. Alijikokota kwa tumbo, bawa likifuata nyuma, mpaka kwenye gogo. Akashika gome kwa mdomo. Akajivuta. Akashika tena, juu kidogo. Akapanda hivyo, kwa mdomo na miguu, damu ikimtoka, na wale ndege wote sitini hawakumgusa. Alifika kwenye tundu. Akaingia juu ya yai lake.

Panga lilikuwa bado juu. Fidencio aliliangalia kama si lake, akalitupa mbali, likagonga waya.

Akapiga magoti. Akamwokota Tomasa, akamtia ndani ya shati, ngozi kwa ngozi. Moyo wa ndege ulikuwa unapiga haraka mno, ule wake ulikuwa unapiga vibaya. Doña Ercilia alikuwa amesimama mlangoni. Haijulikani alikuwa hapo tangu lini.

"Umemuua," alisema.

"Nimemuua."

"Koo bluu. Don Fidencio, umeua koo bluu."

"Mmoja," akasema Fidencio. Damu ilikuwa inamdondoka kidevuni. "Nyuma ya ghala kuna wangapi, doña? Wewe unawaandika. Mimi nawazika."

Doña Ercilia aliangalia duara la manyoya chini. Aliangalia lile gogo jeusi. Kisha akasema, kwa sauti ile ya darasani lakini imepasuka, kwamba atoke, na ndege amwache, ni wa serikali.

Fidencio akafungua kifungo kimoja cha shati ili doña Ercilia aone.

Aliangalia, akageuza uso. Akashika waya kwa vidole.

"Tomasa amekufa," alisema. "Nitaandika hivyo leo. Wawili wamekufa. Na wewe usije tena kwenye lango langu."

Miaka kumi na tisa hakuna aliyegeuzwa pale. Wa kwanza alikuwa Fidencio Matareco.

Alitembea katikati ya mji, shati jekundu, shavu limefunguka, na watu wakamwacha njia. Nyumbani alimwosha Tomasa kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Hakumfunga kamba, hakumtia kikapuni. Alimlaza kwenye shuka ya Petrona, juu ya meza. Shavu lake mwenyewe lilishonwa na dada wa zahanati, ambaye alimwuliza ni panga tena. Ni panga, akasema.

Siku mbili Tomasa hakula. Alilala ubavu, jicho moja limefumba nusu. Mtu mwingine angemmaliza kwa huruma, na Fidencio alijua pa kupiga kuliko wote, na hilo lilikuwa linakuja na kuondoka kichwani mwake kama nzi. Alikalia mikono yake. Kweli, aliikalia, juu ya kigoda, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Siku ya tatu Eulogio alikuja na habari na kipande cha nyama kavu. Alisema kimbilioni wamezungusha waya kuzunguka gogo, jike yuko ndani peke yake na wale wengine hawamfikii. Kuna lori la watu wa wanyamapori kutoka Trinidad, wanahesabu na kupakia. Na langoni kuna ubao.

"Umeandikwa nini?"

"Pamejaa." Eulogio, aliyekuwa msomi wa wawili hao, aliandika neno hilo hewani kwa kidole. "Nilimkuta mama mmoja na kasuku wawili kwenye boksi, amesimama anausoma ule ubao kama tangazo la msiba."

"Akaenda wapi?"

"Akarudi nao kwake. Ataenda wapi?" Akamtazama Tomasa pale mezani, akashusha sauti. "Huyu, kompadre, hachelewi kufa."

Fidencio akamshukuru kwa nyama, akamsindikiza mlangoni.

Kisha akachukua mahindi ya kuchemsha, akayatia kinywani. Meno yalikuwa machache, ikachukua muda. Aliyatafuna kwa upande usioshonwa mpaka yakawa uji. Miaka yote ile alikuwa amemwona Petrona akifanya, na hakuwahi kujaribu, aliona ni mambo ya wanawake. Akainama juu ya meza, akaweka midomo yake juu ya mdomo wa Tomasa uliovunjika.

Tomasa akafumbua jicho. Akamng'ata. Alimng'ata mdomo wa chini kwa kile kilichobaki cha mdomo wake, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na damu ya Fidencio ikachanganyika na mahindi. Machozi yalimtoka kwa maumivu. Mikono ilikuwa juu ya meza, huku na huku ya ndege, wazi. Hakuiinua. Hakujitoa. Alisukuma uji kwa ulimi, kidogo kidogo.

Koo la Tomasa likapanda, likashuka. Akameza.